Kusafu mtoni Jinja, mara ya pili

Jumamosi nimerudi Jinja, Uganda, kusafu (kuteleza juu ya wimbi kwa ubao) kwenye Nile Special, wimbi la Mto Nile, na jamani lile wimbi halisogei! Baharini unalifukuza wimbi likuelekeze ufukweni, huku linakaa palepale maji ndo yanakimbia chini ya ubao, wewe unatazama mto unakotokea. Kocha mpole sana, kanianzisha kwa kulala tumbo, halafu magoti, nilipoweza kusimama nikakandamiza kisigino cha nyuma kidogo tu ubao ukageuka wenyewe, raha! Wazoefu wanakata kona kulia kushoto, mmoja kazunguka nyuzi 360 nikapiga makofi. Ila helmeti waliyonipa kamba ya kidevuni imelegea, naomba wabadilishe kabla mtu hajaumia. Mwezi ujao narudi na dada yangu.