Maabara ya simu za intaneti nyumbani: uliza umeme kabla ya kutazama kioo

Msimu wa baridi uliopita niliamua kujenga maabara ndogo ya simu za intaneti katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Uyole, Mbeya, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusoma habari za mifumo ya simu za maofisini bila kuigusa kwa mikono yangu. Simu mbili za mezani nilikuwa nazo tayari, kwa hiyo niliagiza swichi, kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao kwa kebo, kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 85,000, ikaletwa kwa basi ikiwa imezungushiwa magazeti, na ubavuni mwa boksi lake yalionekana maandishi makubwa mekundu: POE. Nilipochomeka kebo, taa za swichi ziliwaka kijani, lakini vioo vya simu vilibaki vyeusi tititi. Nilipompigia muuzaji alinijibu kwa utulivu kabisa, "Dada, POE ni POE tu, labda simu zako ndizo mbovu."

Simu hazikuwa mbovu. PoE, yaani Power over Ethernet, ni umeme unaosafiri ndani ya kebo ileile inayobeba sauti, na kiwango chake cha kwanza rasmi, 802.3af, kilipitishwa mwaka 2003. Swichi inayofuata kiwango hicho hupiga hodi kwanza: hupeleka volti chache, hupima kama upande wa pili kuna kifaa chenye ukinzani unaotambulika, na ikijibiwa ndipo huachilia takriban volti 48, hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Swichi yangu haikupiga hodi. Ilikuwa inamwaga volti 24 muda wote, umeme unaofaa antena za intaneti za juu ya paa zilizotengenezwa kwa ajili yake, lakini usioweza kuamsha simu inayosubiri 48, na ambao unaweza hata kuunguza tundu la kompyuta mpakato ukiichomeka kwa bahati mbaya. Maneno yaliyo kwenye boksi hayakuwa ya uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kwa hiyo sitawachosha wasomaji kwa habari za ukubwa wa kioo, rangi wala idadi ya vitufe. Tafuteni tarakimu 802.3af, au 802.3at ambayo ni toleo lake la baadaye lenye nguvu zaidi, kwenye kibandiko cha nyuma, na zisipokuwepo, rudisheni kifaa mezani.

Kwa upande wa swichi, naiweka mbele Cisco Catalyst 3560-8PC iliyotumika. Ina matundu manane yenye umeme na jumla ya wati 124, kiasi kinachotosha kuyalisha yote manane kwa kiwango kamili cha 15.4, na haina feni, jambo ambalo anayelala chumba kimoja na maabara yake atalielewa usiku wa kwanza. Kasi yake ni megabiti 100 tu kwa sekunde, lakini simu moja inayotumia kodeki (mbinu ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 haifikishi hata kilobiti 100 kwa kila upande, na hapo ndipo utakapojifunza kutenga VLAN ya sauti, yaani mtandao wa peke yake wa simu ndani ya swichi ileile, kama inavyofanyika kazini. Ukiikosa, TP-Link TL-SG108PE inafaa, mradi ukumbuke kwamba ni matundu manne tu kati ya manane yanayotoa umeme.

Kwa upande wa simu nakiri upendeleo wangu waziwazi: naipenda Yealink, kwa kuwa ukurasa wake wa mipangilio unaeleweka na simu hujisajili kwenye seva, kompyuta inayoziunganisha simu, bila kubembelezwa. Hata hivyo tazameni herufi moja. T31P hupokea umeme wa kebo, ilhali T31 isiyo na P haipokei, na muuzaji asiyejua atawatajia zote mbili kuwa ni "T31". Nafasi ya pili ni Grandstream, ambako mtego huo umehamia kwenye tarakimu ya mwisho: GXP1625 hupokea, GXP1620 haipokei. Nafasi ya tatu ni simu za Cisco zilizotumika, ambazo zina maana kwa anayelenga mifumo ya kampuni hiyo, lakini 7940 na 7960 zilibuniwa kwa umeme wa Cisco uliotangulia kiwango cha 2003, kwa hiyo bila swichi ya Cisco au adapta yake ya volti 48 hazitawaka; 7941 na 7961 hazina tatizo hilo. Asiye na fedha aweke Linphone, programu ya kupiga simu za intaneti, kwenye simu yake ya mkononi. Itapiga na kupokea, lakini haitamfundisha lolote kuhusu umeme wala VLAN.

Seva haina mjadala mrefu. Kompyuta ndogo iliyotumika yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha kuendesha Asterisk, programu huria ya kuunganisha simu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, pamoja na FreePBX, kurasa za kuisimamia, juu yake, na bado itabaki nafasi ya kujaribu mambo mengine.

Suala la adapta ndilo lililonipandisha hasira. Nilizunguka soko la Mwanjelwa mchana mzima nikitafuta adapta za kuwasha simu zangu bila swichi, na fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, alinipa ya king'amuzi yenye volti 12 akisema nijaribu tu. Mwingine alikuwa na adapta sahihi, lakini aliitajia bei iliyokaribia ya simu yenyewe. Wauzaji wa mbali nao hutaka fedha zitangulie, kisha mzigo ukishapita mlima Kitonga njiani kuja huku hakuna anayekumbuka kuwa uliwahi kuuliza swali. Siku hizi, kabla ya kutuma hata shilingi moja, naomba picha ya kibandiko cha nyuma, ile yenye namba ya modeli na volti, na asiyeipiga simtumii. Swichi yangu ya pili niliinunua hapahapa mjini kwa shilingi 30,000 zaidi ya bei ya Kariakoo, kwa sababu mwenye duka aliniruhusu kuja na simu yangu kwenye mfuko, kuichomeka mbele ya kaunta yake, na kusubiri hadi kioo kilipowaka.