Pesa za mradi mashinani: NG-CDF au kaunti?

Nchini Kenya, ukitaka darasa jipya la shule ya msingi, bisha kwa NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya majimbo ya ubunge. Ukitaka la chekechea kwenye uwanja ule ule, hapo utaambiwa hapana. Hilo ni la kaunti. Wengi hupoteza mwaka mzima kwa kubisha mlango usio wao.

NG-CDF, chini ya sheria ya 2015, hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa. Ofisi iko jimboni, na basari hutoka humo. Ila kivuli cha mbunge ni kirefu, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sheria hiyo inakiuka katiba.

Kaunti 47 hugawana angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa: zahanati, maji, barabara za vijijini. Fungu ni nono, safari ndiyo ndefu. Mradi uingie kwanza kwenye mpango wa miaka mitano, kisha bajeti ya mwaka, halafu mngoje mgao kutoka Nairobi, ambao hauna haraka. Kwa hiyo kile kikao cha wadi, cha viti vya plastiki chini ya mwembe, usikikose. Kama kijiji kina kiwanja cha zahanati, beba nakala ya hati ya ardhi.