OpenTTD kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu wa kujenga reli ya Kasese

Katika gemu za zamani za kujenga na kuendesha mitambo, hii ndiyo ninayompendekezea kila mtu kwanza. OpenTTD, ambamo unajenga na kuendesha reli, barabara na bandari, ni ya bure na inaendelea kuboreshwa hadi leo na watu wanaojitolea. Chimbuko lake ni Transport Tycoon Deluxe ya mwaka 1995, kazi ya Chris Sawyer. Mwaka 2004 Ludvig Strigeus alitoa toleo lililoandikwa upya, na ndilo lililozaa hili tulilonalo. Huhitaji diski ya zamani. Ukiifungua mara ya kwanza inakuomba ruhusa ya kupakua picha za bure zinazoitwa OpenGFX. Sauti na muziki unaongeza ukitaka. Vyote pamoja havifiki megabaiti 100, kwa hiyo bando dogo linatosha, na ukishamaliza unacheza bila mtandao.

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 2 inaiendesha vizuri kwenye ramani ya miraba 512 kwa 512. Ramani zinaanzia 64 hadi 4096 kwa upande, lakini hiyo kubwa iache: treni zikifika mamia kadhaa, mashine ya zamani inaanza kuburuta. Kwa sababu ya umeme wetu, hakikisha gemu inajihifadhi yenyewe. Tangu toleo la 14 unaweka muda kwa dakika. Weka 10 au pungufu. Faili hizo zinapokezana kwenye folda ya autosave, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi bado unarudi kwenye ile iliyotangulia.

Raha yake kubwa kwetu ni kwamba Uganda inaingia humo karibu kama ilivyo. Chagua hali ya hewa ya tropiki. Ina migodi ya shaba, mashamba ya mahindi na matunda, na miji ya jangwani ambayo haikui mpaka uipelekee chakula na maji, jambo linaloifaa Karamoja. Gemu kwa kawaida inaanza 1950. Reli halisi ilikuwa imefika Kampala tangu 1931, lakini Kasese haikufika hadi 1956, ikifuata shaba ya mgodi wa Kilembe, na shaba hiyo iliyeyushwa Jinja. Basi weka mgodi karibu na Kasese, kiwanda Jinja, na njia ya magharibi ujenge mwenyewe. Kwenye ramani ya 512, Kampala hadi Kasese ni zaidi ya miraba 220. Hiyo ni kazi ya maana.

Ramani yenyewe unaitengeneza hivi. Pakua data za miinuko za SRTM, zile NASA ilizopima Februari 2000. Zinakuja vipande vipande vya digrii moja. Viunganishe kwa gdalbuildvrt (inakuja pamoja na QGIS, programu ya kuchora ramani), kisha toa picha ya kijivu:

gdal_translate -projwin 29.5 4.25 35 -1.5 -outsize 512 512 -r average -scale 625 2500 0 255 -ot Byte -of PNG uganda.vrt uganda.png

Namba hizo zina sababu. Gemu inahesabu weusi kamili kuwa bahari. Ziwa Albert liko mita 619 hivi, kwa hiyo kuanzia 625 linageuka maji lenyewe. Kikomo cha 2500 kinaikata Rwenzori kichwa, na lazima ukatwe: ukiacha mita 5,109 za kilele chake cha Margherita, ngazi zote za urefu zinaliwa na mlima mmoja na vilima vya Kampala vinasawazika kama uwanja wa mpira. Usipoweka -r average, nchi nzima inajaa vinundu ambavyo treni itavipanda na kushuka bila faida. Picha iweke kwenye scenario/heightmap, na kilele cha juu uchague 30.

Hapo ndipo wengi wanapokwama: Ziwa Nalubaale (Victoria) linatokea nchi kavu. Siyo hitilafu. Liko mita 1,134, na gemu inatambua bahari ya ngazi ya sifuri tu, kwa hiyo linakuwa uwanda mpana kwenye ngazi ya juu. Dawa yake ni kifaa cha mito kwenye kihariri cha ramani: buruta na ujaze uwanda wote kwa mto, maana mto unakubali kukaa kwenye urefu wowote na meli zinapita juu yake. Kyoga nalo lifanye vivyo hivyo. Gati la Port Bell litahitaji ukingo wenye mteremko unaoelekea maji. Pakiwa tambarare, inua mraba mmoja nyuma yake. Jangwa gemu inalimwaga inakotaka, hata Masaka. Lifute kwa kifaa cha jangwa huku umeshika Ctrl, kisha lipake kaskazini mashariki.

Sasa signali, moyo wa gemu hii, na ndizo zinazowakatisha tamaa wageni. Kuna za zamani zinazofunga kipande kizima cha reli hadi treni itoke, na kuna signali za njia, ambapo treni inajiwekea njia yake tu mpaka mahali salama pa kusimama. Tumia za njia peke yake. Kanuni ni moja: signali inakaa mahali ambapo treni ikisimama haimzuii mwingine. Kabla ya makutano, weka. Katikati ya makutano, kamwe. Baada ya makutano, weka tu ikiwa pana nafasi ya treni nzima. Treni ya miraba 7 hubeba injini na mabehewa 14 kwa jumla. Signali ikiwa miraba 4 baada ya makutano, mkia wa miraba 3 unabaki njiani na foleni inarudi mpaka Mityana. Kwenye reli mbili sambamba tumia ile ya upande mmoja, na nafasi kati ya signali iwe sawa na urefu wa treni yako ndefu kuliko zote. Nikiona treni zimesimama zinatazamana, ninatafuta kwanza signali iliyokaa ndani ya makutano, na mara nyingi ndiyo.

Mapato yanategemea ukadiriaji wa stesheni, ile asilimia inayoamua mgodi utakupa shaba kiasi gani. Muda tangu gari la mwisho lipakie una uzito kuliko vyote, hadi asilimia 51. Kwa hiyo usinunue treni moja ndefu. Nunua mbili au zaidi, zipe agizo la kusubiri mpaka zijae, ili moja ikiondoka nyingine iwe inapakia. Sanamu mjini inaongeza asilimia 10, lakini isubiri mpaka pesa ziongezeke.

Yasiyonifurahisha yapo. Magari ya barabarani yanafuatana kama yamefungwa kamba, na basi moja likiharibika yote nyuma yake yanangoja. Punguza uharibifu kwenye mipangilio. Halmashauri ya mji inachukia ukataji miti kupita kiasi, inaweza kukunyima kibali cha stesheni, na itakubidi upande miti mpaka hasira iishe. Washindani wa kompyuta siwaoni wa maana.

Kucheza na wenzako ni rahisi kuliko unavyodhani. Simu moja ifungue hotispoti hata bila data, laptopu moja iwe seva, wengine waunganishe kwa anwani yake ya ndani, namba ya bandari (port) 3979. Matoleo yote lazima yafanane hadi namba ya mwisho, maana 14.0 haiingii kwenye seva ya 14.1. Afadhali mtu mmoja apakue, kisha wote wanakili kutoka kwenye flashi yake.