Kipima udongo kisicho na betri: kwa shamba la Unguja, tangulia na mtaimbo

Kipima hiki kina vijiti viwili vya chuma, sindano moja ya kuonyesha kipimo, na kitufe cha kuchagua unyevu, mwanga au pH (kipimo cha asidi ya udongo). Ni chepesi, bei yake nafuu, na wengi wanakibeba wakienda kuangalia shamba la kununua Jambiani au Kizimkazi. Wanakichomeka mara mbili, sindano inasimama karibu na 7, wanaridhika. Lakini udongo ulikuwa mkavu, na kwenye udongo mkavu sindano hubaki pale ilipokuwa kabla ya kuchomekwa.

Vijiti vile ni vya madini mawili tofauti. Vikikutana na udongo wenye maji, umeme mdogo sana hupita baina yao na ndio unaosukuma sindano. Kwa hiyo kabla ya kupima, sugua vijiti kwa msasa laini, lowesha udongo, chomeka mpaka karibu na shina la kijiti, shindilia udongo pembeni, subiri dakika 10. Tumia maji ya mvua. Maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hupandisha pH unayoisoma. Ukimaliza futa vijiti. Ukiviacha ardhini vinaliwa.

Hata ukifuata yote hayo, kuna mambo mawili hakiwezi. La kwanza, karibu na pwani chumvi huongeza umeme, hivyo sindano itasema udongo umelowa na huku mchicha unasinyaa. La pili, mizani ya pH ya vingi inaishia 8, na udongo wa juu ya jiwe la matumbawe unaweza kuvuka hapo. Kwa ardhi ya uwanda, yaani hiyo ya matumbawe, siki ya jikoni inafaa zaidi: dondoshea kidogo kwenye udongo, ukitoa povu ujue chokaa imejaa. Hapo majani machanga yanaweza kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu chuma kimo ardhini lakini mizizi haiwezi kukichukua. Kumwaga mbolea zaidi hakutibu hilo.

Kubwa kuliko yote ni kina. Vijiti vina urefu wa kama sentimita 20, na swali la mnunuzi wa upande wa mashariki na kusini ni jiwe liko wapi. Hapo mtaimbo hauna mpinzani. Usipige pembe nne tu ukaondoka: udongo wa uwanda umekaa kwenye mifuko, hapa mtaimbo unazama sentimita 60, hatua moja mbele unagonga mwamba kwenye 10. Piga kila baada ya hatua tatu, kiwanja kizima, uandike. Mlio mzito wa "ngo" ni jiwe zima. Mlio wa uwazi, kama unagonga pipa, ni dalili ya pango chini, na hapo usiweke pembe ya nyumba kabla ya kuchimba. Mahali penye udongo mwekundu mzuri usiofanana na wa jirani, chimba shimo moja la mita nzima. Lori mbili za udongo zikimwagwa juu ya jiwe zinapendeza sana machoni, na kijiti cha sentimita 20 hakitazigundua.

Shimo hilo hilo lijaze maji, yaache yaishe, ujaze tena, kisha upime. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, mizizi ya mpapai itaoza masika. Yakitoweka kwa dakika chache, mbolea nayo itatoweka, na maji ya karo lako (shimo la maji taka) yatafuata njia hiyo hiyo ya nyufa mpaka kisimani bila kuchujwa. Mita 30 zinazotajwa kila mahali baina ya karo na kisima zisikupe utulivu penye jiwe lenye nyufa.

Kwa bonde kama Cheju, mtaimbo utazama bila shida na utakudanganya kwa upande mwengine. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi wa huko, kinafaa mpunga, lakini kiangazi kinapasuka na masika kinavimba, na ukuta uliojengwa juu yake kwa msingi mfupi unapasuka pamoja nacho. Kiloweshe, kiviringishe kiganjani: kikitoa kamba nyembamba inayopindika bila kukatika, zungumza na fundi wa msingi kabla ya dalali.

Kipima kinafaa kwa aliyekwisha kuwa na ardhi: bustani ya kinongo (udongo mwekundu wenye rutuba), mbali na bahari, anayetaka kujua leo amwagilie tungule au asubiri kesho. Kwa kazi hiyo kinatosha. Kwa aliye bado na fedha mfukoni, mtaimbo wa kuazima, chupa ya siki na ndoo mbili za maji. Na kama kiambo cha jirani kina mkarafuu mkubwa wenye afya, hiyo ni habari njema ya kina ambayo sindano haina.