Kifaa cha ELM327 kwa Prius za zamani: kinafaa nini ukikwama njia ya Segera

Prius ya kizazi cha pili, haibridi ya Toyota (gari la enjini na mota ya umeme), ile NHW20 ya mwaka 2003 hadi 2009, sasa ni gari la mtu mzima. Ikizima kati ya Mkata na Kabuku huku pembetatu nyekundu imewaka kwenye dashibodi, hukumu hutolewa papo hapo: betri kubwa, ile inayoendesha mota, imekufa, tuvute mpaka Tanga. Hukumu hiyo ina gharama, na mara nyingi haina ushahidi. ELM327, kidude cha Bluetooth chenye ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani na kutuma habari za kompyuta za gari kwenye simu, ndicho kinacholeta ushahidi. Bei yake haifiki hata nusu ya kujaza tenki la lita 45 la gari hilohilo. Kwa mwenye haibridi anayesafiri mbali, tunasema kinunuliwe. Lakini kina masharti.

Sharti la kwanza ni toleo. Vingi vinavyouzwa madukani ni nakala, na zile zilizoandikwa v2.1 ndizo mbovu zaidi: zinasoma taa ya enjini, lakini zikiulizwa habari za betri ya haibridi zinakaa kimya, kwa sababu amri kadhaa zimekatwa kwenye chipu. Nakala za v1.5 kwa kawaida hufanya kazi. Ukiweza kuongeza hela, vya chapa ya Veepeak au OBDLink havina ubishi. Mwenye iPhone achukue cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE. Cha Bluetooth ya kawaida ni cha Android. Usikilipie kabla hujakichomeka kwenye gari lako mwenyewe, ukafungua programu ya simu ya Dr. Prius, na kuona volti za betri kubwa zikitokea fungu kwa fungu. Programu za jumla kama Torque hazionyeshi mafungu hayo bila kuongezewa mipangilio.

Sharti la pili: kabla ya kukichomeka, pima betri ndogo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Haibridi haina stata ya kawaida. Betri ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga rilei (swichi za umeme) zinazoruhusu umeme wa betri kubwa kupita. Ikichoka, kompyuta zinapata umeme wa kusuasua na dashibodi inawasha taa zote, nyingine za kutisha. Kodi (namba za hitilafu) zinazosomwa hapo haziaminiki. Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha: gari likiwa limezimwa, volti 12.6 ni betri iliyojaa, chini ya 11.8 imeisha. Gari likifika READY (taa ya kwamba liko tayari kutembea), usome kama 13.8 au zaidi. READY ipo na volti hazipandi? Basi umeme hautoki betri kubwa kuja ndogo. Angalia fyuzi kubwa ya chaji kabla ya kulaumu kingine.

Kubusti hufanyika mbele. Betri ndogo ya Prius iko kwenye buti, lakini ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti kuna kifuniko chekundu chenye ncha ya chanya. Waya hasi ufungwe kwenye chuma kisicho na rangi, mbali kidogo. Na tahadhari ya barabara hii hasa: wanaosimama kusaidia ni madereva wa malori, na lori ni volti 24. Usikubali, hata akikuhakikishia kwamba amewasaidia wengi. Subiri gari dogo. Ukigeuza chanya na hasi, umejinunulia tatizo la pili.

Betri ndogo ikiwa nzima, sasa kodi zina maana.

P0A93 ni upoozaji wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa utumike na mota, na kwenye NHW20 mtuhumiwa wa kwanza ni pampu yake ndogo ya umeme, iliyokaa chini nyuma ya taa ya mbele. Fikisha gari READY, fungua tangi dogo la kulanti (maji ya kupoozea) ya inveta (siyo la enjini, hilo likiwa moto litakuunguza) uchungulie. Kulanti ikizunguka na kupiga mawimbi, pampu inasukuma. Ikitulia tuli, kagua fyuzi na plagi yake kwanza, maana hewa ya chumvi ya pwani inaota ukungu wa kijani kwenye pini, kisha ndiyo ulaumu pampu. Inveta ikipoa gari litakubali kutembea tena kwa muda, polepole, kwenye tambarare kama Hale hadi Muheza. Kupanda Mombo kwenda Lushoto na kodi hii ni kuichoma inveta kwa makusudi. Pampu mpya ikifungwa, fundi atoe hewa kwenye mfumo. Asipofanya hivyo kodi itarudi na utadhani umeuziwa spea mbovu.

P0A80, kodi ya betri kubwa kuchoka, ndiyo inayoogopwa, na hapa kifaa kinastahili sifa zake. Betri ya Prius ina moduli (vipande vya seli) 28, volti 201.6, na kompyuta inazisoma kwa mafungu 14 ya moduli mbili mbili. Aqua, haibridi ndogo ya Toyota, ina moduli 20, volti 144. Abiria ashike simu, dereva aongeze mwendo kwa nguvu kidogo. Mafungu yakipishana kwa volti 0.3 au chini, betri bado ina maisha. Fungu moja likianguka kwa takriban volti 1.2 kuliko wenzake, hiyo ni seli moja iliyokufa, kwa sababu seli ya aina hii kwa kawaida ni volti 1.2. Betri ikiwa ya moto kuliko kawaida bila fungu kuanguka, tazama feni yake: tundu lake la hewa kando ya kiti cha nyuma huzibwa na vumbi, nywele na mabegi. Betri inavuta hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo kuzima AC ili "kuipunguzia kazi" ni kinyume chake. Ukisimama, weka P. Kwenye N haichaji.

Kufungua betri siyo kazi ya kando ya barabara. Kung'oa plagi ya rangi ya machungwa ya betri kubwa kunakata njia ya kwenda inveta, hakuondoi umeme uliomo ndani ya betri. Glavu za volti 1000, kusubiri angalau dakika 5, na fundi wa haibridi. Fundi umeme wa kawaida hapana.

Mapungufu yapo. Breki za haibridi zina kompyuta yake, na kodi za huko, zinazoanza na herufi C, programu hizi hazizisomi zote. Pedali ya breki ikibadilika au king'ora kikilia, tafuta gereji yenye Techstream, programu ya Toyota yenyewe ya kupima magari. Pia kifaa kinafuta kodi kirahisi mno. Piga picha ya skrini kabla hujafuta, la sivyo fundi wa Tanga mjini ataanza upya.

Ikibidi kuvutwa, gari lipandishwe lote au magurudumu ya mbele yainuliwe. Kamba ni ya kulitoa barabarani tu, mwendo chini ya kilomita 30 kwa saa. Kulisukuma ili liwake hakuna maana.

Mwisho, kichomoe ukiegesha. Kikiachwa kwenye soketi usiku kucha siku kadhaa, kinanyonya betri ndogo.