Kliniki ya meno Kinondoni, huduma ya dawa ya usingizi kwa watoto

Jamani hawa wako makini. Walinipigia kabla wakasema mtoto asile masaa 6 na maji mwisho masaa 2, maana akitapika kalala yanaweza kuingia kwenye mapafu. Tulipofika wakampima uzito ndo wakapiga hesabu ya dawa, wakambana kidoleni kile kifaa cha kusoma oksijeni, na nesi mmoja kazi yake kumwangalia pumzi tu, hashiki kingine wakati daktari anang'oa. Mtungi wa oksijeni upo karibu, hadi flumazenili, dawa ya kuzimua midazolamu (dawa ya usingizi yenyewe), nilionyeshwa. Chumba cha kusubiri azinduke ni kidogo mno, waongeze viti. Bei imechangamka ila hawakuturuhusu kuondoka mpaka akae mwenyewe na kuongea vizuri. Kliniki isiyo na hivyo vitu mwanangu hapewi usingizi.