Duka la samaki wa baharini karibu na soko la Majengo, Dodoma: vibua safi sana, ila hiyo minofu wanayouza haina jina

Wadau wa Dom mnaopenda samaki wa bahari, hili duka nawapendekezea kabisa ila kuna kitu lazima nikiseme. Usafi wako vizuri mno, mzigo unashuka kutoka Dar umefukiwa kwenye barafu, kibua ukimfunua shavu unakuta ndani mwekundu kabisa, jicho limetuna halijazama, na kaka anayepara magamba anakuonyesha samaki wako kabla hajaanza. Kilo ya vibua elfu tisa, changu bei imechangamka kidogo lakini tutafanyaje, kutoka soko la samaki la Feri, Dar, mpaka huku ni zaidi ya kilometa 400.

Shida iko kwenye friza ya minofu. Imechunwa ngozi, imefungwa, imeandikwa samaki bahari basi. Namuuliza dada ni samaki gani, ananiambia "inategemea na mzigo, mara papa mara samsuli, yote nyama tu". Na pembeni yangu kuna mama kijacho anabeba hiyohiyo kwa sababu haina miiba. Jamani ikabidi niongee.

Samaki anaweza kuwa freshi kabisa na bado ana sumu ya zebaki (mercury), maana haina harufu wala haibadilishi rangi ya nyama. Ikiingia majini bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki, aina inayonasa mwilini, inapanda kutoka kwa vijidudu kwenda kwa dagaa, samaki wakubwa kidogo wanakula dagaa, papa anakula hao wote na anaishi miaka mingi, kwahiyo yeye ndo inajazana kwake. Na inakaa kwenye nyama yenyewe, uoshe ukaange uchemshe haitoki, papa mkavu wa chumvi ndo kabisa, maji yametoka yenyewe imebaki. Kwa mjamzito inapita kwenye kondo la nyuma inaenda mpaka kwenye ubongo wa mtoto. Minamata kule Japani ugonjwa ulipotambuliwa rasmi 1956 chanzo kilikuja kuonekana ni kiwanda kilichokuwa kinamwaga zebaki baharini, paka waliokula samaki walikuwa wanaanguka degedege, na wapo watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa huku mama zao wakionekana wazima tu.

Samaki wenyewe pia wanaumia na kwa macho huoni. Shaba ikizidi kwenye maji inawaharibia kunusa, adui anakuja hawamsikii. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska 1989, mayai ya samaki yaliyokutana na yale mafuta yalitoa vifaranga wenye kasoro, mpaka moyo. Ndo maana jicho kung'aa peke yake mimi halinitoshi.

DDT (dawa ya kuua wadudu) na PCB (kemikali za viwandani) zenyewe zinapenda mafuta na ini, hizo angalau unapunguza, mwambie kaka atoe ini, ngozi na yale mafuta ya tumboni, anakufanyia bure bila kununa.

Mwenye duka nilimwomba kila pakiti iandikwe jina la samaki na alikovuliwa, alinisikiliza vizuri akasema ataongea na wanaomletea. Mpaka hapo, vibua na dagaa chukueni bila wasiwasi, ila wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo hiyo minofu waiache kwanza. Wanafunga saa mbili usiku, na Jumamosi wahini asubuhi, changu wanaisha haraka.